Jalada la Gregory Vlastos: shajara ya mradi wa kijitabu na chati, Mtwara

Februari: mipaka ya kazi na jedwali la msingi

Kinachotengenezwa ni kijitabu cha kurasa 48 za A5 kwa Kiswahili, pamoja na chati moja ya ukutani. Vyote viwili vinahusu maisha ya kitaaluma ya Gregory Vlastos, mmoja wa wasomi waliobadilisha namna Plato anavyosomwa katika karne ya 20. Walengwa ni wanafunzi wa kidato cha tano na sita na wa vyuo vya hapa Mtwara mjini. Wengi wao wamekutana na Plato katika aya mbili tatu za daftari, akitajwa kuwa mwanafunzi wa Socrates na mwalimu wa Aristotle, basi.

Vlastos amechaguliwa kwa sababu njia yake haikunyooka. Alizaliwa Istanbul mwaka 1907, baba Mgiriki na mama Mskoti. Alisoma Robert College hukohuko, akaenda kusomea theolojia Chicago, kisha akapata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1931. Kuanzia hapo hadi 1948 alikuwa Queen's University, Kingston, Kanada, ukiacha kipindi cha vita alipotumikia jeshi la anga la nchi hiyo. Sehemu kubwa ya maandishi yake ya mwanzo ilihusu dini na haki za kijamii: mwaka 1936 alihariri pamoja na R. B. Y. Scott kitabu Towards the Christian Revolution. Aliingia Cornell 1948 na Princeton 1955, akatoka huko 1976 na kuendelea kufundisha Berkeley. Alifariki Oktoba 1991, mwaka uleule kilipotoka kitabu chake kikubwa juu ya Socrates. Anayetafuta ngazi iliyonyooka kutoka darasa la Kigiriki hadi kiti cha uprofesa hataipata hapa, na kwa wasomaji wetu hiyo ni faida.

Jedwali la msingi lina safu sita: mwaka wa kuanza, mwaka wa kumaliza, mahali, cheo, chanzo cha kwanza, chanzo cha pili. Mstari usio na vyanzo viwili vinavyojitegemea huandikwa kwa penseli na hauingii kwenye kijitabu. Tovuti mbili zilizonakiliana huhesabiwa kuwa chanzo kimoja. Kuzitambua si kazi kubwa: kosa la tahajia linalojirudia, au sentensi zinazofuatana kwa mpangilio uleule, linatosha kuzifichua.

Miaka ndiyo inayosumbua zaidi. Mwaka wa masomo wa Marekani na Kanada huanza karibu na Septemba, kwa hiyo chanzo kimoja kikisema mtu alianza kazi 1954 na kingine 1955, huenda vyote vinasema kweli. Shida nyingine ni mihadhara inayokuja kuwa kitabu. Vlastos alitoa mihadhara ya Gifford katika chuo cha St Andrews mwaka 1981. Kitabu kilichotokana nayo, Socrates: Ironist and Moral Philosopher, kilitoka 1991. Vitabu vingine vilitoka baada ya kifo chake: Socratic Studies mwaka 1994, kikihaririwa na Myles Burnyeat, na majuzuu mawili ya Studies in Greek Philosophy mwaka 1995, yakihaririwa na Daniel W. Graham. Asiyejua atadhani mzee aliandika kwa bidii kuliko wakati wote akiwa kaburini. Ndiyo maana kila andiko lina nafasi ya miaka mitatu: mwaka lilipotolewa kwa mdomo, mwaka lilipochapishwa mara ya kwanza, na mwaka wa toleo lililosomwa kwa ajili ya mradi.

Safu ya cheo inabaki na majina ya Kimarekani kama yalivyo. Daraja lao la kwanza la uprofesa hushikwa kwa kawaida na mtu mwenye uzamivu tayari. Ukiliita mhadhiri msaidizi, msomaji wa Tanzania ataona mtu mwenye uzamili anayesubiri kwenda kusoma.

Machi: chati ya vyeo imetupwa

Chati ya mwanzo ilichorwa kama ngazi, kila chuo kipandio chake. Wasomaji wa majaribio waliitazama wakaweza kutaja vyuo vinne, na hakuna aliyeweza kusema mtu huyu alifanya nini. Vyeo vinaonyesha mshahara ulitoka wapi. Kazi ya Vlastos inaonekana mahali pengine: katika jozi za maandishi, lile alilolitoa mara ya kwanza na lile alilorudi nalo miaka mingi baadaye kulipanua, kulitetea au kulikataa. Jozi tatu zimechaguliwa. Ya utumwa katika Plato, 1941 na 1968. Ya hoja ya Mtu wa Tatu, 1954 na 1969. Ya mbinu ya Socrates ya kuhoji, 1956, kisha 1983, hadi kitabu cha 1991.

Vipimo vya chati mpya: ukubwa wa A1, yaani milimita 594 kwa 841, unaopatikana kwa kuunganisha karatasi nane za A4 juu ya manila. Mstari wa wakati unaanza 1930 na kuishia 1995. Miaka 65 kwa milimita 12 kila mmoja inakuwa milimita 780, na zinabaki 61 za pembeni. Kuzaliwa na masomo ya awali vimewekwa kwenye kisanduku upande wa kushoto, nje ya kipimo, maana ukianzia 1907 kila mwaka unapungua hadi milimita 9 hivi na lebo zinapandana. Vyuo sasa ni mikanda myembamba ya rangi chini ya mstari. Jozi zimeunganishwa kwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, unaopatikana kwa bei ndogo sokoni: mwekundu wa utumwa una urefu wa milimita 324, wa bluu wa Mtu wa Tatu 180, na mweusi wa mbinu ya kuhoji 324 kisha 96.

Faili likichapishwa, angalia kwamba printa haijapunguza ukubwa ili picha ienee kwenye karatasi. Ikipunguza kidogo tu, milimita 12 zinakuwa 11 na kitu, na karatasi nane hazikutani kwenye mishono. Pima kwa rula muongo mmoja kabla ya kukata: lazima uwe milimita 120.

Aprili: jozi ya utumwa

Makala ya 1941, Slavery in Plato's Thought, ilitoka katika jarida la Philosophical Review. Vlastos haishii kuuliza kama Plato aliukubali utumwa. Anaonyesha kwamba picha ya bwana na mtumwa imeingia hadi kwenye namna Plato anavyoeleza akili, dola na hata ulimwengu. Kifungu cha kuanzia darasani kimo katika mdahalo wa Plato uitwao Sheria, 720a–e (namba za aina hii zinaelezwa chini ya Mei): daktari mtumwa huwatibu watumwa akitoa amri bila kueleza sababu, daktari huru humweleza mgonjwa huru ugonjwa wake na kumshawishi kabla ya kumpa dawa. Mtumwa, kwa picha hii, anaweza kuwa na maoni sahihi yanayotoka kwa mwingine, ila hana sababu yake mwenyewe ya kuyashika. Kutoka hapo makala inavuka hadi mdahalo wa Timaeus, ambako visababishi vya kimaumbile vinawekwa chini ya akili kama watumishi. Mwaka 1968 alirudi na makala fupi katika Classical Philology, akiuliza kama utumwa umo ndani ya dola bora ya mdahalo wa Jamhuri, na akajibu kwamba umo.

Katika mji uliopakana na Mikindani, na katika ukanda uleule wa Kilwa Kivinje, bandari mbili zilizohusika na biashara ya watumwa katika karne ya 19, mada hii haihitaji kubembelezewa wasikilizaji. Tatizo ni kinyume chake. Mazungumzo yanakimbilia pwani kabla kifungu hakijasomwa, na Plato anageuka kisingizio. Kwa hiyo ukurasa wa 14 hadi 17 unashughulikia maandishi ya Kigiriki peke yake, na historia ya hapa ina ukurasa wake wa 18 bila mshale wowote wa kulinganisha. Utumwa wa Athens na ule wa misafara ya kutoka Ziwa Nyasa vilikuwa na sheria tofauti, masoko tofauti na njia tofauti za kumfanya mtu kuwa mtumwa. Mwenye kulinganisha alinganishe akiwa amevielewa vyote viwili.

Mei: Mtu wa Tatu

Sehemu hii imepewa kurasa nyingi kuliko zote, kurasa 12, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jinsi mtaalamu wa fani hii anavyofanya kazi siku hadi siku. Kifungu chenyewe ni kifupi mno: mdahalo wa Parmenides, 132a1 hadi b2.

Kwanza namba hizo. Zinatokana na chapa ya Henri Estienne ya mwaka 1578, majuzuu matatu, kila ukurasa ukigawanywa kwa herufi a hadi e. Kila juzuu lina hesabu yake ya kurasa, kwa hiyo namba bila jina la mdahalo haina maana: Apologia inaanza 17a na Timaeus nayo inaanza 17a, moja katika juzuu la kwanza na nyingine katika la tatu. Namba ndogo ya mstari inayofuata herufi kwa kawaida hutoka kwenye toleo la John Burnet la Oxford, ambamo Parmenides imo katika juzuu la pili, 1901. Tafsiri haziwezi kufuata mistari hiyo barabara, kwa hiyo mwanafunzi mwenye tafsiri atafute 132a na asome hadi b bila kuhesabu mistari.

Katika kifungu, Parmenides mzee anamhoji Socrates kijana. Vitu vingi vikubwa vikitazamwa pamoja, huonekana sura moja ndani ya vyote. Kwa hiyo Ukubwa ni kitu kimoja. Sasa uchukue Ukubwa wenyewe na vile vikubwa vingine, uvitazame pamoja kwa namna ileile. Utajitokeza Ukubwa mwingine, ambao kwa huo vyote hivi vinakuwa vikubwa, na ule wa kwanza ukiwemo. Halafu mwingine tena, bila kikomo, na kila Umbo, yaani kile kimoja ambacho kwa Plato huvipa vitu vingi sifa yao, linakuwa mengi yasiyohesabika. Jina la Mtu wa Tatu linatoka kwa Aristotle, aliyeitaja hoja ya aina hii kwa mfano wa mtu, kama katika Metafizikia 990b17. Anayefungua Parmenides akimtafuta mtu huyo atatoka mikono mitupu.

Alichofanya Vlastos mwaka 1954 ni kuuliza: kwa maneno yaliyoandikwa tu, je, hatua ya pili inatoka kwenye ya kwanza? Haitoki. Zinahitajika kauli mbili ambazo hazimo kwenye maandishi. Katika kijitabu zimepewa majina haya:

Kujibeba: Umbo lolote linayo sifa inayolipa jina. Ukubwa wenyewe ni mkubwa.

Utofauti: kitu chochote chenye sifa fulani si kilekile na Umbo linalokipa sifa hiyo.

Kisha akaonyesha kwamba kauli hizo mbili zinagongana zenyewe, hata kabla ya mfuatano usio na mwisho kuanza. Ukubwa ni mkubwa, kwa Kujibeba. Kwa Utofauti, basi, Ukubwa si kilekile na Umbo linaloufanya mkubwa. Lakini Umbo linalofanya vitu kuwa vikubwa ni Ukubwa. Matokeo: Ukubwa si Ukubwa. Vlastos alihitimisha kwamba Plato hakuzisema kauli hizo kwa sababu hakuwa ameziona wazi, na kwamba hoja inaonyesha mkwamo wa kweli wa mwandishi wake. Wilfrid Sellars alijibu mwaka 1955 na Peter Geach 1956, katika Philosophical Review, jarida lilelile lililotoa makala ya 1954, wakisema kauli zinaweza kuundwa kwa namna isiyogongana. Vlastos aliendelea kujibu, na mwaka 1969 akarudi na makala nzima katika Philosophical Quarterly juu ya maandishi na mantiki ya kifungu. Mwaka 1971 S. Marc Cohen akatoa uchambuzi ambao mpaka leo husomwa sambamba na ule wa 1954. Mistari michache ya Kigiriki, na foleni ya majibu nyuma yake.

Zoezi la darasani linahitaji kadi sita na kamba ya mita 2. Kadi tatu ziandikwe jahazi kubwa, mnazi mkubwa, nyumba kubwa. Nyingine tatu Ukubwa 1, Ukubwa 2, Ukubwa 3. Zungusha kamba kwenye vitu vitatu, weka Ukubwa 1 nje ya duara. Uliza kama Ukubwa 1 nao ni mkubwa. Darasa likisema ndiyo, uingize ndani. Hiyo ni Kujibeba. Uliza sasa ni nini kinachovifanya vyote vinne kuwa vikubwa. Utofauti unadai kadi iliyo nje, kwa hiyo Ukubwa 2 unawekwa. Rudia.

Zoezi hukwama mahali pawili, na pote pana thamani. Wapo wanaokataa kuingiza Ukubwa 1 ndani wakisema Ukubwa haupimiki kwa futi. Hao wamekataa Kujibeba. Wapo wanaotaka Ukubwa 1 uwe ndani na wakati huohuo ubaki kuwa ndio unaofanya kazi. Hao wamekataa Utofauti. Mwendeshaji asiwasahihishe. Aandike ubaoni nani amekataa nini, kisha wasome majibu yaliyotolewa baada ya 1954 wajione wako upande gani. Kosa la kuepuka ni kugawa kadi zote tangu mwanzo: wanafunzi wakiona Ukubwa 3 mezani wanajua mwisho wa mchezo na hawafikirii tena.

Juni: herufi za Kigiriki kwenye kompyuta za steshenari

Kijitabu kina vifungu vichache vya Kigiriki, lakini ndivyo vilivyokula muda. Kigiriki cha kale huandikwa na alama tatu za lafudhi, mbili za pumzi, na iota ndogo chini ya vokali. Herufi za msingi ziko katika eneo la Yunikodi (mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta) U+0370 hadi U+03FF, zenye alama nyingi U+1F00 hadi U+1FFF. Kompyuta yenye fonti ya zamani hujua eneo la kwanza tu, na la pili hutoka visanduku vitupu.

Sentensi ya majaribio ni hii, kutoka 132a: αὐτὸ τὸ μέγα καὶ τἆλλα τὰ μεγάλα, ἐὰν ὡσαύτως τῇ ψυχῇ ἐπὶ πάντα ἴδῃς. Ina lafudhi zote tatu, pumzi zote mbili na iota ya chini. Ikitoka salama kwenye karatasi, kijitabu kizima kitatoka salama. Tena ndiyo sentensi yenyewe inayouingiza Ukubwa kwenye duara, kwa hiyo hata karatasi ya majaribio haipotei bure.

Fonti zilizotumika ni Gentium Plus na GFS Didot, zote za bure. Faili hupelekwa dukani likiwa PDF yenye fonti zilizopachikwa ndani. Ukipeleka faili la kuandikia kwenye flashi, kompyuta ya pale itabadilisha fonti bila kukuuliza. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka PDF za zamani yasitumike, kwani nyingi zilitengenezwa kwa fonti zisizo za Yunikodi na ukibandika unapata herufi za Kilatini zilizovurugika. Chukua kutoka maktaba ya Perseus ya chuo cha Tufts, ambayo ina toleo la Burnet bure.

Kuna mtego mmoja usioonekana kwa macho. Alfa yenye lafudhi kali ina namba mbili, U+03AC na U+1F71, na zote huonekana sawasawa. Ukitafuta neno kwa namba moja, lililoandikwa kwa nyingine halipatikani, na faharasa inaruka kurasa. Dawa yake ni kupitisha maandishi yote kwenye programu ya kusawazisha kwa mfumo wa NFC, unaozigeuza namba mbili za aina hii kuwa moja, kabla ya kutengeneza faharasa.

Julai: mbinu ya kuhoji

Mwaka 1956, katika utangulizi wa tafsiri ya Protagoras, Vlastos alisema mahojiano ya Socrates yanaweza kufichua mgongano tu kati ya imani za mtu, si kuthibitisha ukweli. Mwaka 1983, katika juzuu la kwanza la Oxford Studies in Ancient Philosophy, aliuacha msimamo huo waziwazi. Akayapanga mahojiano katika hatua nne: mhojiwa anatoa kauli p; Socrates anapata kibali chake kwa kauli q na r; mhojiwa anakubali kwamba q na r zinaleta kinyume cha p; Socrates anatangaza kwamba p ni uongo na kinyume chake ni kweli. Hatua ya nne ndiyo kitendawili. Kimantiki kilichopatikana ni kwamba p, q na r haziwezi kuwa kweli zote. Kwa nini itupwe p na si q? Hata hivyo Socrates, katika Gorgias 479e, anamwambia Polus kwamba imethibitishwa kuwa aliyoyasema yeye Socrates ni kweli. Jibu la Vlastos: Socrates anaamini kwamba kila mwenye imani potofu ya kimaadili ana pia, ndani yake, imani za kweli zinazoikanusha. Juzuu hilohilo lina maoni ya Richard Kraut, aliyekuwa mwanafunzi wake Princeton. Mwalimu na mwanafunzi wanabishana ndani ya jalada moja. Jambo hilo limepewa kisanduku chake kwenye chati.

Jedwali la midahalo limefuata mgawanyo wa kitabu cha 1991: 10 ya kuhoji, 5 ya mpito, 7 ya kati na 6 ya mwisho. Faharasa ilihitaji uangalifu kwa sababu Jamhuri imegawanywa, kitabu cha kwanza katika kundi la kwanza na cha pili hadi cha 10 katika kundi la kati. Chini ya jedwali pana onyo kwamba mpangilio huu unapingwa, hasa na Charles Kahn katika kitabu chake cha 1996. Bila onyo hilo wanafunzi wangeukariri kama tarehe za wafalme.

Agosti: uchapaji

Kazi ya printa imesubiri kusi. Miezi ya mvua karatasi hunyonya unyevu wa bahari, hujikunja na kukwama kwenye printa ya leza. Rimu ifunguliwe siku ya kuchapa tu. Kurasa 48 ni karatasi 12 za A4 za gramu 80 zilizokunjwa katikati, jalada la manila ya gramu 200 likiwa la 13. Chapa pande mbili kwa kugeuza upande mfupi. Ukigeuza upande mrefu, nyuma inatoka kichwa chini. Karatasi za katikati hutokeza nje kwa milimita 1 hadi 1.5, kwa hiyo ukingo wa nje umeachiwa milimita 15 na unakatwa 3 baada ya kubana pini. Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Ya mkono mrefu ikikosekana, fungua stepla, piga pini juu ya boksi la karatasi, kisha ikunje miguu yake kwa mkono.

Yaliyobaki: mistari miwili ya jedwali bado ina penseli, na nukuu za kurasa 30 hadi 41 hazijalinganishwa na Burnet. Zilinganishwe kabla ya Oktoba, maana korosho zikianza kuanguka wahakiki wote watakuwa mashambani.